Kuufikia mfupa wa kisigino: njia za upasuaji, kuanzia ngozi hadi skrubu

Mtu anayeanguka kutoka kwenye mnazi, jukwaa la ujenzi au paa la nyumba mara nyingi hutua kwa visigino. Uzito wote hushuka kupitia mfupa wa talasi, nao talasi hukipasua kisigino kilicho chini yake. Baada ya hapo huja swali la kupasua au kutopasua, na kama ni kupasua, kisu kiingie wapi.

Mwongozo huu nimemwandikia daktari anayejifunza upasuaji wa mifupa, muuguzi wa theata anayetaka kujua kwa nini waya unaombwa sasa na si baadaye, na tabibu wa wilayani anayelazimika kuamua nani apelekwe rufaa leo na nani anaweza kusubiri. Kusoma peke yake hakumfanyi mtu kuwa tayari kushika kisu. Kazi hii hufundishwa mezani, mkubwa akiwa upande wa pili.

Niseme mapema ninachokiamini. Picha ya CT, yaani eksirei inayoonyesha mfupa tabaka kwa tabaka, hueleza kilichovunjika, lakini ngozi ndiyo inayotoa ruhusa ya kuingia, mahali pa kuingilia na siku ya kuingia. Daktari anayepanga upasuaji wa kisigino kwa kuangalia skrini tu amesoma nusu ya barua.

Unachokwenda kukigusa

Mfupa wa kisigino ndio mkubwa kuliko yote ya sehemu ya nyuma ya wayo, na umeumbika kama andazi: nje ganda jembamba, ndani matundumatundu. Ndiyo maana skrubu hazishiki popote unapopenda. Sehemu imara ni chache: chini kabisa ya uso wa kiungo cha nyuma (pale kisigino kinapokutana na talasi), pembe ya mbele karibu na mfupa wa kyuboidi (mfupa wa wayo ulio mbele ya kisigino), sehemu ya nyuma inaposhikilia kano ya Akilesi, na ule ubapa unaojitokeza upande wa ndani unaoitwa sustentakulamu.

Huo ubapa ndio wa kuukumbuka kuliko yote. Mfupa unapopasuka, kipande chenye sustentakulamu kwa kawaida hubaki kimeshikamana na talasi kwa ligamenti imara, hata vingine vikitawanyika. Karibu kila ukarabati wa kisigino ni kazi ya kuvirudisha vipande vingine kwenye hicho kimoja kilichobaki nyumbani.

Upande wa nje, ngozi ni nyembamba na chini yake hakuna nyama ya kuisaidia. Kano mbili za perona hupita nyuma na chini ya fibula, mfupa mwembamba wa nje wa mguu. Neva ya surali hushuka nyuma ya kano hizo na kugeukia mbele kando ya wayo. Ateri ndogo, tawi la nje la kisigino litokalo kwenye ateri ya perona, ndiyo hulisha kona ya ngozi ambayo chale kubwa ya upande wa nje huizunguka. Ukiikata ateri hiyo, kona ile itakuwa nyeusi ndani ya siku chache, hata kama mfupa umeupanga vizuri namna gani.

Upande wa ndani kuna msongamano: ateri na neva ya nyuma ya muundi, pamoja na kano za kukunja vidole. Kano ya kidole gumba hupita chini kabisa ya sustentakulamu, kwa hiyo skrubu ndefu kupita kiasi iliyoingizwa kutoka nje huweza kuikwangua.

Hatua ya kwanza: mwangalie mtu, si kisigino

Aliyeanguka kutoka juu akavunjika kisigino anaweza pia kuwa amevunjika uti wa mgongo sehemu ya kiuno; kwa wastani hutokea kwa mmoja kati ya kumi hivi. Gonga mgongo, pima nguvu na hisia za miguu, kisha piga picha. Angalia na kisigino cha pili, goti na nyonga. Mgonjwa anayelalamikia kisigino kimoja hasahau mgongo kwa makusudi. Maumivu makubwa humeza madogo.

Kisha picha za eksirei. Ya ubavuni itakupa pembe ya Böhler, iliyopewa jina la Lorenz Böhler, daktari wa Vienna. Chora mstari kutoka ncha ya juu ya mbele ya kisigino hadi ncha ya juu ya uso wa kiungo cha nyuma, na mwingine kutoka hapo hadi ncha ya juu ya sehemu ya nyuma. Kwa kawaida pembe huwa kati ya digrii 20 na 40. Ikishuka, uso wa kiungo umedidimia. Picha ya pili hupigwa kwa mhimili, kutoka nyuma na chini ya kisigino, ikionyesha upana na kama mfupa umepindia ndani.

CT ndiyo huamua zaidi. Mgawanyo wa Sanders wa mwaka 1993 huhesabu vipande vya uso wa kiungo cha nyuma: aina ya kwanza havijasogea, ya pili ni vipande viwili, ya tatu ni vitatu, ya nne ni vinne au zaidi. Mistari hupewa herufi A, B na C kutoka nje kwenda ndani. Jinsi mstari unavyosogea ndani ndivyo unavyokuwa mgumu kuuona kutoka upande wa nje, na hili lina maana kubwa utakapochagua njia.

Hatua ya pili: waondoe wasiohitaji kisu

Hapa kuna ubishi wa miaka mingi. Utafiti wa Canada ulioongozwa na Buckley na kuchapishwa mwaka 2002 uliwahusisha wagonjwa 424 wenye visigino 471 vilivyovunjika. Kwa ujumla matokeo ya waliopasuliwa na wasiopasuliwa hayakutofautiana, ila baadhi ya makundi, wakiwamo wanawake na wasiokuwa wakidai fidia ya kazini, walinufaika na upasuaji. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2014, wenye wagonjwa 151, haukuona faida baada ya miaka miwili, na madhara yalikuwa asilimia 23 kwa waliopasuliwa dhidi ya asilimia 4 kwa wasiopasuliwa. Lakini uliwaacha nje wale ambao kisigino kimebonyea na kutanuka hadi kugonga fibula. Ukiusahau huo mstari mmoja utautumia utafiti huo kumnyima upasuaji mtu ambaye haukumhusu.

Mimi husita sana kupasua mvutaji sigara asiyetaka kuacha, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye mishipa ya damu iliyoziba miguuni, na mtu ambaye tayari alikuwa hatembei. Aina ya kwanza ya Sanders haihitaji kisu: plasta fupi, magongo, na mazoezi ya mapema. Aliyefika baada ya wiki nyingi, labda alipitia kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa, naye usimfungue ili kupanga vipande ambavyo vimeshaanza kuungana. Subiri mfupa uunge, kisha shughulikia tatizo lililobaki, nitalirudia mbele.

Hatua ya tatu: yasiyosubiri

Mvunjiko wa aina ya ulimi, mmoja wa aina mbili alizozieleza Essex-Lopresti katika makala ya mwaka 1952, huacha uso wa kiungo na sehemu inayoshikiliwa na kano ya Akilesi vikiwa kipande kimoja. Msuli wa ndama ya mguu hukivuta juu, nacho husukuma ngozi ya nyuma kutoka ndani. Ngozi hiyo inaweza kufa ndani ya saa chache.

Vitabu vingi huandika "ngozi inakuwa nyeupe". Kwenye ngozi nyeusi weupe huo hauonekani, na mgonjwa hupoteza muda tukiusubiri. Angalia mng'ao, ngozi iliyovutika bila mkunjo wowote, ubaridi ukilinganisha na kisigino cha pili. Bonyeza kwa kidole uone kama rangi inarudi. Ukiwa na shaka, chukulia kwamba ngozi iko hatarini. Mfunge gongo la plasta (plasta ya nusu, isiyouzunguka mguu wote) huku vidole vikielekea chini ili kano ilegee. Usimfunge kwa pembe ya mraba, maana ndiyo unazidi kukivuta kipande dhidi ya ngozi. Kisha theata, usiku huohuo.

Mengine ya haraka ni kidonda kilicho wazi, ambacho kwa kisigino huwa zaidi upande wa ndani, kiungo kilichoteguka kabisa, na wayo uliojaa shinikizo hadi maumivu hayatulizwi na dawa. Kidonda kilicho wazi kioshwe na apewe antibiotiki mapema. Chale kubwa ya upande wa nje haina nafasi siku hiyo.

Hatua ya nne: kusubiri kwa kazi

Waliobaki husubiri uvimbe upungue, kwa kawaida siku 7 hadi 14, mara nyingine hadi 21. Baada ya wiki tatu hivi vipande huanza kushikana na kazi inakuwa ngumu. Kusubiri huku si kulala tu. Mguu uinuliwe usawa wa moyo, uwe na gongo la plasta lililowekwa pamba ya kutosha, barafu iwekwe juu ya kitambaa, vidole vichezeshwe, na sigara iachwe. Mwambie mgonjwa na ndugu zake sababu ya kusubiri, la sivyo siku ya tano watauliza kwa nini hospitali imemtelekeza.

Kipimo cha utayari ni mikunjo. Inua wayo juu na ugeuze nje kidogo. Ngozi ya upande wa nje ya kisigino ikikunjamana, na ukibonyeza shimo halibaki, unaweza kuendelea. Malengelenge yenye maji meupe yakikauka si tatizo. Yenye damu ni ishara ya ngozi iliyoumia kwa kina, na chale isipite juu yake.

Hatua ya tano: chagua mlango

Swali si "njia gani nzuri kuliko zote" bali "nahitaji kuona nini, na ngozi itanilipisha kiasi gani". Ndani ya wiki mbili za kwanza, kwa aina ya pili na kwa nyingi za aina ya tatu, chale ndogo ya sinasi ya tasi (uwazi ulio mbele ya fibula, kati ya talasi na kisigino) hutosha. Mvunjiko wa ulimi na mgonjwa mwenye ngozi mbaya hufaa matundu madogo. Chale kubwa ya upande wa nje nawaachia wenye vipande vingi, ukuta wa nje uliosambaratika, au wale waliochelewa kiasi kwamba vipande havitatii kusukumwa kupitia tundu dogo. Kwa aina ya nne, fikiria kuunganisha kiungo (kukigandisha kiwe mfupa mmoja kisichocheza) katika upasuaji huohuo, baada ya kurudisha umbo la mfupa.

Jambo moja kwa hospitali zetu: njia ndogo zinategemea mashine ya eksirei ndani ya theata. Kama mashine hiyo haipo au imeharibika, chale ndogo ni kazi ya kupapasa gizani. Mpeleke rufaa. Una wiki mbili, zitumie.

Kumlaza na kumwandaa

Alale ubavu, mguu ulioumia ukiwa juu, mito kati ya miguu ili mguu wa chini usibanwe neva. Aliyeumia visigino vyote anaweza kulazwa kifudifudi. Antibiotiki ya sefazolini gramu 2 kwa mtu mzima iingie ndani ya saa moja kabla ya chale na kabla ya kukaza tonike, mkanda wa kuzuia damu. Tonike ifungwe pajani, isizidi saa mbili. Kabla ya kufunika vitambaa, hakikisha mashine ya eksirei inaweza kupiga picha tatu: ya ubavuni, ya mhimili, na ya Brodén, ambapo wayo hugeuzwa ndani digrii 30 hadi 40 na miale kuelekezwa upande wa kichwa kwa digrii 10 hadi 40. Jaribu kwanza. Kugundua katikati ya kazi kwamba nguzo ya meza inazuia picha ni karaha isiyo ya lazima.

Chale kubwa ya upande wa nje

Hii ndiyo njia iliyotawala kuanzia miaka ya 1990, na ndiyo yenye sifa mbaya zaidi. Katika mfululizo mmoja wa visigino 190 uliochapishwa Marekani mwaka 1999, robo ya vidonda vilipata matatizo. Sehemu kubwa ya hatari hiyo unaipunguza kwa namna unavyoishika ngozi.

Chora kwanza. Sehemu ya wima ya chale ianze sentimita mbili hadi nne juu ya ncha ya fibula na ishuke karibu kabisa na ukingo wa mbele wa kano ya Akilesi. Wengi huiweka mbele sana, katikati ya Akilesi na fibula, na hapo ndipo ateri na neva hupita. Sehemu ya mlalo ifuate mpaka kati ya ngozi laini ya ubavu na ngozi ngumu ya unyayo, hadi karibu na kitako cha mfupa wa tano wa metatasali. Kona isiwe kali, ipinde taratibu.

Kata kuanzia kwenye kona, moja kwa moja hadi mfupani, tabaka zote kwa pamoja. Ukielekea kwenye ncha mbili za chale, punguza kina, kwa sababu neva ya surali huvuka karibu na ncha zote mbili. Sasa inua pande lote la ngozi na nyama kutoka mfupani kwa kisu, pamoja na utando wa mfupa, kano za perona ndani ya ala yake, na ligamenti inayotoka fibula. Usitenganishe ngozi na kilicho chini yake hata kidogo, kwa maana pande hili linaishi kwa sababu ni nene.

Kuanzia hapa, hakuna mtu anayelivuta kwa ndoano. Ingiza nyaya za Kirschner, nyembamba na ngumu: moja kwenye fibula, moja kwenye shingo ya talasi, moja kwenye kyuboidi, kisha zipinde ziwe nguzo zinazolizuia pande bila mkono kuligusa. Kingo za ngozi zisibanwe kwa koleo. Muuguzi, ukiona msaidizi ameshika ukingo wa ngozi kwa koleo yenye meno, una haki ya kusema.

Toa ukuta wa nje uliopasuka na uuweke kwenye maji safi ya chumvi; utaurudisha. Ingiza pini ya Schanz, pini nene yenye hesi, kwenye sehemu ya nyuma ya mfupa. Hiyo ndiyo usukani wako: vuta chini kurudisha urefu, sukuma ndani, kisha ondoa kupinda. Fanya hivyo polepole, na kwa nguvu ya kutosha.

Mpangilio wa vipande una mantiki yake. Anza na pembe ya mbele, uiunganishe na kipande cha sustentakulamu. Fuata sehemu ya nyuma, uishike kwa nyaya za muda kutoka kisigino. Ndipo uinue uso wa kiungo uliodidimia na uulinganishe, ukitazama kwa macho na kwa picha ya Brodén. Anayeanza na uso wa kiungo kwa sababu ndio unaovutia macho hugundua baadaye kwamba hauna mahali pa kukaa. Mwisho rudisha ukuta wa nje.

Skrubu za milimita 3.5 zipite chini ya uso wa kiungo kutoka nje hadi sustentakulamu, zikielekea mbele na juu kidogo. Pima urefu kwa makini, kisha kunja na kunjua kidole gumba: kikikwama, skrubu imeigusa kano. Juu yake weka pleti nyembamba inayoshika mbele, chini ya kiungo na nyuma. Pengo linalobaki katikati ya mfupa mara nyingi halihitaji kujazwa kitu.

Kufunga ni sehemu ya upasuaji, si ya kumwachia mwanafunzi mchovu. Weka mrija wa kutoa damu. Nyuzi za ndani zipitishwe zote kwanza bila kufungwa, zishikwe kwa vibanio, kisha zifungwe kuanzia kwenye ncha kuelekea kona, ili kona isibebe mvutano wowote. Ngozi ishonwe kwa nailoni, mshono wa Allgöwer-Donati, mafundo yakikaa upande usio wa pande.

Chale ya sinasi ya tasi

Sinasi ya tasi ni ule uwazi uliojaa mafuta mbele ya fibula, kati ya talasi na kisigino. Ukiweka kidole mbele na chini kidogo ya ncha ya fibula utausikia unabonyea.

Weka pini ya Schanz kwanza, kupitia tundu dogo nyuma ya kisigino, na urudishe urefu kabla hata ya kukata. Vipande vingi hujisogeza vyenyewe. Chale iwe ya sentimita 3 hadi 5, kutoka chini tu ya ncha ya fibula kuelekea kitako cha mfupa wa nne wa metatasali. Ala ya kano za perona iache imefungwa na uisogeze chini na nyuma. Msuli mfupi wa kunyoosha vidole uinue kuelekea mbele. Ondoa mafuta ya kutosha kuona tu, si yote.

Sasa uso wa kiungo cha nyuma uko mbele yako. Pitisha kinyanyulio chini ya kipande kilichodidimia, kupitia ufa wa ukuta wa nje, kiinue, kishike kwa nyaya mbili, piga picha ya Brodén. Skrubu mbili kuelekea sustentakulamu, kisha skrubu ndefu mbili kutoka nyuma ya kisigino hadi pembe ya mbele. Au pleti ndogo itelezeshwe chini ya kano za perona.

Faida yake kubwa ni ngozi: matatizo ya kidonda ni machache kuliko ya chale kubwa. Ya pili haitajwi sana. Kiungo kikija kuchakaa, chale hiyohiyo hutumika kukiunganisha. Hasara ni kwamba sehemu ya nyuma na ya ndani huioni, unaitegemea picha. Tena ukikwama, usifikirie kuongeza chale kubwa siku hiyohiyo. Kipande cha ngozi kitakachobaki kati ya chale mbili hakitakuwa na damu ya kutosha. Amua kabla.

Matundu madogo

Kwa mvunjiko wa ulimi, njia ya Essex-Lopresti bado ina heshima yake. Pini nene ya Steinmann huingizwa kutoka nyuma, kandokando ya kano ya Akilesi, ndani ya kipande cha ulimi. Goti likunjwe ili msuli wa ndama ulegee. Shika pini kwa mkono mmoja na sehemu ya mbele ya wayo kwa mwingine, inua kipande huku vidole vikielekea chini, kisha endesha pini hadi sehemu ya mbele. Siku hizi wengi humalizia kwa skrubu badala ya kuacha pini nje, nami naona ni bora. Kipande kikiwa kidogo, au mfupa wa mzee ni laini, skrubu pekee hung'oka kwa mvuto wa Akilesi. Ongeza washa (kibati cha duara chini ya kichwa cha skrubu), au mshono imara unaoishika kano yenyewe.

Mlango wa ndani na wa nyuma

Upande wa ndani huingiliwa mara chache: sustentakulamu ikivunjika peke yake na kusogea, au ikibaki mahali pabaya baada ya kupanga upande wa nje. Chale ya mlalo ya sentimita 3 hadi 5 chini ya nundu ya ndani ya kifundo, kati ya kano ya tibialisi ya nyuma na ile ndefu ya kukunja vidole. Ateri na neva ziko nyuma na chini. Huna sababu ya kuzitafuta.

Nyuma, kwa matatizo ya Akilesi inapojishikiza au nundu ya mfupa inayosuguliwa na kiatu, chale huweza kupita katikati ya kano na kuigawa kwa urefu. Ngozi hapo ni nyembamba mno. Usimlaze mgonjwa chali kisigino kikigusa godoro.

Waliochelewa, niliosema nitawarudia, huja na kisigino kipana, kifupi, kinachouma kila wakitembea kwenye mawe. Kama urefu haujapotea sana, chonga ukuta wa nje unaobana kano za perona na uunganishe kiungo kilicho kati ya talasi na kisigino kupitia sinasi ya tasi. Kama kisigino kimeshuka hadi talasi imelala na kifundo hakikunjiki juu, tumia chale ya wima nyuma na nje, kati ya Akilesi na kano za perona, utanue kiungo na kuingiza kipande cha mfupa kutoka nyonga. Chale iwe ya wima, kwa sababu ngozi italazimika kurefuka wakati kisigino kinarudi chini, na chale ya mlalo haitafunga.

Baada ya theata

Mguu juu, gongo la plasta lenye pamba, mrija utolewe ukikauka. Dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wenye hatari. Kidonda kikitulia, mazoezi ya kifundo na ya kugeuza wayo yaanze mapema. Ndiyo yanayookoa kiungo. Nyuzi za chale kubwa zikae wiki tatu hivi, hata kidonda kikionekana kimefunga mapema. Kukanyaga kusianze kabla ya wiki 8 hadi 12, kulingana na picha. Mgonjwa anayeishi kwa kibarua cha siku aelezwe hili kabla ya kusaini fomu, na si wiki ya nne anapoanza kukanyaga kimyakimya.

Kona ikianza kuwa nyeusi, usikimbilie kukata. Simamisha mazoezi, weka bandeji kavu, fuatilia kila siku mbili. Ukoko mkavu mwembamba mara nyingi huanguka wenyewe ngozi mpya ikiwa chini. Ukilowa, ukinuka au pleti ikionekana, mrudishe theata: osha, chukua vipimo vya vijidudu kutoka kwenye kina, si juu ya ngozi, na uache chuma ndani kama mfupa haujaunga na bado kimeshika imara. Mwite daktari wa upasuaji wa kurekebisha ngozi mapema, wakati kidonda bado ni kidogo.